Kanga Iliyosema Naye: Skizofrenia na Mifumo ya Ubongo

Pwani kwetu kanga husema. Mwanamke akiwa na neno la kumfikishia jirani asiyetaka kugombana naye uso kwa uso, hununua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mlangoni mara mbili tatu. Mwenye kuambiwa keshaambiwa. Kwa hiyo mtoto wa shangazi yangu, wakati huo ana miaka 22 na yuko likizo kutoka chuo, aliposema kuwa jirani kavaa "Hasidi hana sababu" kwa ajili yake, hakuna aliyeshtuka. Huenda ikawa kweli. Wiki ya pili alisema konda wa daladala naye kamtumia ujumbe kwa namna alivyogonga bati. Wiki ya tatu akawa mtangazaji wa redio, zikawa namba za pikipiki, ukawa mpangilio wa viatu mlangoni pa msikiti. Halafu zikaja sauti.

Nyumbani kila kitu kilipata maelezo. Sauti, ni jini. Hofu ya majirani, karogwa. Miezi ikapita, akapata dawa za hospitali, sauti zikatulia, naye akabaki kukaa barazani tangu asubuhi hadi Magharibi, haogi, hasemi, haulizi kitu. Hapo tukapata maelezo ya tatu, na hayo ndiyo yananiuma hadi leo kuliko yale mawili. Tulisema ni mvivu.

Neno hilo ndilo lililonipeleka kusoma kuhusu ugonjwa huu kwa miaka. Nilichokuja kuelewa ni kwamba mambo yale matatu, yaani kanga inayomsema, sauti asizoziona zinakotoka, na ule ukimya wa barazani, hayatokani na hitilafu moja. Ubongo una mifumo kadhaa, kila mmoja una kazi yake, na skizofrenia huigusa kwa namna tofauti. Dawa alizopewa ndugu yangu zilifika kwenye mmoja tu.

Kwanza jina. Eugen Bleuler, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alilitoa mwaka 1908 akiunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasua na akili. Wengi wakadhani ni mtu mwenye nafsi mbili. Sivyo. Bleuler alikuwa akieleza jinsi fikra, hisia na utashi, vitu ambavyo kwa mtu mzima wa afya huenda sambamba, vinavyoachana njia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 24 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, karibu mtu 1 kati ya kila 300. Huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume hutangulia kidogo kuliko wanawake. Mtaani watasema "dishi limeyumba". Husemwa kwa kejeli na silipendi, lakini picha iliyomo inaukaribia ukweli kuliko neno kichaa: dishi likiyumba, televisheni haijafa. Mawimbi yanaendelea kuja, ila sasa yanakuja yamechanganyika na mengine yasiyotakiwa.

Mfumo wa kwanza kueleweka ulieleweka kwa kinyumenyume, dawa ikitangulia maelezo. Desemba 1950 wakemia wa kampuni ya Rhône-Poulenc nchini Ufaransa walitengeneza klopromazini. Daktari wa upasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, aliyekuwa akitafuta kitu cha kuwatuliza wagonjwa kabla ya operesheni, aliona kuwa waliopewa dawa hiyo walikuwa macho lakini hawajali tena kinachowazunguka. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na watu waliokuwa wakipiga kelele wodini kwa miaka wakaanza kukaa na kuzungumza. Hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1963 Arvid Carlsson wa Sweden, akiwa na Margit Lindqvist, alipendekeza kuwa dawa hizo huziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, vya kemikali za ubongo, dopamini ikiwamo. Katika miaka ya 1970 maabara za Philip Seeman huko Toronto na Solomon Snyder huko Baltimore zilionyesha jambo lililowashawishi wengi: kadiri dawa inavyokishika kwa nguvu kipokezi cha dopamini, ndivyo mgonjwa anavyohitaji miligramu chache. Na upande wa pili ulikuwa ukijulikana tayari. Amfetamini, ambayo humwaga dopamini kwa wingi, humfanya anayeitumia sana aone njama kila mahali na pengine asikie sauti.

Sawa, lakini dopamini ina uhusiano gani na kanga? Kwa muda mrefu watu waliiita kemikali ya raha. Wolfram Schultz aliirekebisha fikra hiyo kwa kusikiliza seli za dopamini ndani ya ubongo wa nyani. Nyani akipewa tone la juisi bila kutarajia, seli hulipuka kwa shughuli. Taa ikizoeleka kuwaka kabla ya juisi, seli hulipukia taa, na juisi yenyewe ikifika hazisemi kitu. Juisi isipokuja, hunyamaza kwa kitambo kidogo pale ilipotarajiwa. Maana yake, dopamini hairipoti raha. Inaripoti kwamba hapa pana jambo ambalo hukulitarajia, zingatia, jifunze. Ni kama mtu anayekukanyaga mguu chini ya meza kukujulisha kuwa maneno yanayosemwa sasa yanakuhusu.

Sasa fikiria mguu ule unakanyagwa ovyo. Unapita barabarani, unaona pikipiki, mguu unakanyagwa. Konda anagonga bati, unakanyagwa. Kanga, unakanyagwa. Hisia ya "hili linanihusu" inakuja kabla ya sababu yoyote, na inakuja kwa uzito uleule ambao ungeusikia kama mtu angekuita kwa jina lako. Mwaka 2003 Shitij Kapur aliandika kuwa hicho ndicho kiini cha dhana potofu za skizofrenia: vitu visivyo na maana hupewa umuhimu visioustahili, na akili, kwa kuwa haiwezi kukaa na umuhimu usio na sababu, hutafuta kisa cha kuueleza. Ikikipata, hutulia. Ndiyo maana kubishana na mgonjwa juu ya kisa chake hakusaidii. Kwake kisa ni jibu, na swali analolijibu wewe hulisikii.

Kisa hicho hukopwa nyumbani. Kwetu kitakuwa uchawi, hasidi, jirani. Mahali pengine kitakuwa majasusi au kifaa kilichopandikizwa mwilini. Picha za ubongo wa watu walio hai zimeonyesha kuwa kwa wagonjwa wengi dopamini hutengenezwa na kumwagwa kupita kiasi katika eneo la ndani liitwalo striatamu, hasa wakati dalili zimepamba moto. Dawa hupunguza nguvu ya mkanyago. Kisa chenyewe haikifuti. Wagonjwa wengi husema, baada ya wiki kadhaa za dawa, kwamba jambo bado wanaliamini ila haliwasumbui tena kama zamani. Ndugu yangu alisema karibu hivyohivyo, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani dawa haijafanya kazi.

Sauti zina njia yake nyingine, na kwangu hii ndiyo sehemu inayostaajabisha zaidi. Jitekenye kwapani. Hakuna kitu. Akitekenya mwingine, unaruka. Tofauti ni kwamba ubongo unapotoa amri ya kusogeza mkono, hutuma nakala ya amri hiyo kwa sehemu zinazopokea hisia: jiandae, huyu ni mimi. Hisia inayolingana na nakala hupunguzwa makali. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore, Chris Frith na wenzao jijini London waliwapima wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, au wakihisi kuwa wanaendeshwa na nguvu ya nje. Kwa hao, mguso wao wenyewe viganjani ulikuwa mkali sawasawa na mguso wa mtu mwingine. Nakala haikuwa ikifika, au ilifika imeharibika.

Kila mtu husema na nafsi yake siku nzima: nimefunga mlango? kwa nini nilimjibu vile? mjinga mimi. Huko ni kusema pia, ni amri ya lugha isiyofika mdomoni. Tangu mwaka 1978 Irwin Feinberg alidokeza kuwa hata fikra huhitaji nakala ya namna hiyo ili tuzijue kuwa ni zetu. Ikikosekana, "mjinga mimi" inasikika kama "mjinga wewe", na imetoka kwa mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari mmoja wa Marekani, Louis Gould, alikuza kwa vyombo mnong'ono hafifu uliokuwa kooni mwa mgonjwa anayesikia sauti, akakuta kuwa maneno ya mnong'ono yanalingana na yale ambayo mgonjwa alisema sauti zinamwambia. Na mwaka 1993 watafiti wa London walionyesha kuwa wakati mgonjwa anasikia sauti, eneo la Broca, ambalo hutumika kutunga usemi, huwa limechangamka. Kwa hiyo mgonjwa anaposema "nimesikia", hasemi uongo na hatungi. Sauti ipo. Kilichopotea ni alama ya mwenyewe.

Je, mwenyewe atakuwa nani? Hapo tena mahali huamua. Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu wanaosikia sauti katika miji mitatu: San Mateo huko California, Accra nchini Ghana na Chennai nchini India. Wa California walieleza zaidi sauti za matusi na vita, wakiziona kama uvamizi wa akili iliyougua. Wa Accra wengi walisema ni Mungu, na mara nyingi aliwaambia mema. Wa Chennai walisikia jamaa zao, wakiwatuma kazi na kuwakaripia kama jamaa wafanyavyo. Nikakumbuka jini letu. Ubongo ulitoa sauti isiyo na mwenyewe, nasi nyumbani tukampa.

Ningeweza kuishia kwenye dopamini kama maelezo mengi yanavyoishia, lakini dopamini peke yake haitoshi, na ushahidi uko hospitalini kwetu. Ketamini ni dawa ya usingizi ambayo hospitali nyingi za Afrika Mashariki huitegemea kwa upasuaji. Aliyewahi kukaa kando ya mgonjwa anayezinduka kutoka ketamini anajua maneno ya ajabu yanayoweza kumtoka. Mwaka 1994 John Krystal na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu wenye afya dozi ndogo. Wakapata shuku na kuona mambo kwa namna isiyo ya kawaida, jambo ambalo hata amfetamini ingeweza kulileta. Lakini walipata pia kile ambacho amfetamini haileti: kujitenga, uso usio na hisia, kushindwa kushika jambo akilini. Karibu picha nzima ya ugonjwa, kwa muda mfupi tu.

Ketamini huziba kipokezi cha kemikali nyingine, glutameti, ambayo ndiyo lugha ya kawaida ambayo seli nyingi za ubongo huzungumzia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zinazoumia kwanza ni seli za breki, zile zinazotuliza nyingine na kuzipangia mwendo wa pamoja. Breki zikilegea, seli za gamba la ubongo hulia kila moja kivyake, na vurugu hiyo hushuka chini hadi kuisukuma dopamini ipande. Dopamini basi ni mto uliofurika. Mvua ilinyesha mlimani.

Kuna jambo hapa ambalo kila familia ingepaswa kulijua. Mwaka 2007 Josep Dalmau alieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia kipokezi hichohicho cha glutameti. Mara nyingi humpata msichana au mwanamke kijana. Huanza kama wazimu mtupu: sauti, hofu, kutolala. Baada ya siku au wiki huja degedege, mdomo kutafunatafuna, viungo kukaza, fahamu kupotea. Huo si skizofrenia, na wengi hupona wakitibiwa mapema kwa dawa za kutuliza kinga. Ukiona wazimu wa ghafla unaoambatana na homa au degedege, usikubali kuambiwa ni akili tu.

Nirudi barazani. Bleuler mwenyewe hakuziona sauti kuwa ndizo ugonjwa. Aliziita dalili za nyongeza. Kwake kiini kilikuwa kule kulegea kwa hisia na utashi, na nadhani aliona mbali, maana ndicho kinachomzuia mtu kurudi kazini au kuoa kuliko sauti. Madaktari leo huzigawa dalili kati ya zilizoongezeka na zilizopungua. Zilizoongezeka hupiga kelele, kwa hiyo tunazikimbilia. Zilizopungua hazina kelele, tunazipa majina ya tabia mbaya.

Mpe chai na mkate wa kumimina, atakula na atafurahia. Uchunguzi umeonyesha hivyo mara nyingi: starehe ya papo hapo, kwa wagonjwa wengi, haijaharibika sana kama tulivyodhani. Kilichoharibika ni kutarajia. Ili mtu ainuke kitini, ubongo wake lazima uchore picha ya kitu kizuri kisichopo mbele yake, uipime dhidi ya taabu ya kukifuata, kisha useme inafaa, inuka. Kazi hiyo huunganisha striatamu na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Na tazama ubaya wa jambo lenyewe: pale striatamu imejaa kelele za dopamini isiyo na sababu, ishara halisi ya "hiki kinafaa" inazama ndani yake, wakati huohuo sehemu ya mbele inaonekana kuwa na dopamini pungufu. Dawa za kawaida hunyamazisha kelele. Ishara iliyozama haziirudishi, na dozi kubwa huweza kuizamisha zaidi.

Sehemu hiyo ya mbele ndiyo pia hushika mambo akilini kwa muda mfupi. Patricia Goldman-Rakic aliwachunguza nyani walioonyeshwa mahali, kisha alama ikaondolewa. Seli fulani ziliendelea kuwaka kana kwamba alama bado ipo, na nyani alikumbuka kadiri zilivyoendelea kuwaka. Dopamini ikipungua au ikizidi hapo, seli huachia. Shangazi alikuwa akimtuma mwanawe dukani: unga, sabuni, chumvi, vitunguu, na upitie kwa fundi uulize kama cherehani imekwisha. Alirudi na chumvi, au alirudi mikono mitupu, au alisimama njiani. Tukamkaripia. Sabuni ilikuwa imezimika kichwani kabla hajafika kona.

Dawa nazo zina barabara zake. Dopamini hupita njia kadhaa, na kidonge hakichagui. Kwenye njia inayosimamia mwendo, kuizuia huleta kutetemeka, kukakamaa na hatua fupi za mzee. Katika siku za mwanzo shingo inaweza kupinda au macho yakageukia juu yakagoma kurudi, hasa kwa vijana wanaopewa haloperidoli, mojawapo ya dawa za zamani za ugonjwa huu. Nimeona familia ikimtoa kijana hospitali kwa hilo, kwa imani kwamba pepo limekasirishwa na sindano, ilhali kuna dawa rahisi inayolegeza misuli hiyo katika muda mfupi. Kwenye njia inayoshuka hadi tezi ya pituitari, dopamini huzuia homoni ya maziwa. Ikizibwa, binti asiye na mimba anaweza kutoka maziwa na kukosa hedhi, naye akaona aibu kusema, akaacha vidonge kimyakimya. Mambo haya mweleze daktari. Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa.

Kwa nini miaka ya ishirini? Ubongo wa kijana hupogolewa. Viungo baina ya seli vilivyozidi hukatwa ili vilivyobaki viwe na nguvu, na sehemu ya mbele huwa ya mwisho kukamilika. Feinberg, yuleyule wa nakala za fikra, alidokeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa huenda panga linakata kupita kiasi. Mwaka 2016 kundi la Steven McCarroll huko Boston lilionyesha kuwa aina fulani za jeni liitwalo C4, linaloshiriki kuweka alama kwenye viungo vya kukatwa, huongeza hatari ya skizofrenia. Ni jeni moja kati ya mamia, kila moja likichangia kidogo. Na hata pacha wa kufanana, ambao urithi wao ni mmoja, mmoja akiugua mwenzake huugua chini ya nusu ya nyakati. Mengine hutoka kwenye matatizo ya mimba na uzazi, utoto wenye ukatili, bangi nyingi katika ujana. Malezi ya mama hayamo. Katikati ya karne iliyopita madaktari wa Marekani waliwalaumu akina mama wazi kwa kuwa baridi kwa watoto wao, na fundisho hilo likaja kuachwa kwa kukosa ushahidi. Shangazi hajawahi kulisoma popote, lakini watu walimwuliza kwa miaka amemfanya nini mtoto wake.

Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya skizofrenia isiyozuia dopamini moja kwa moja, inayopita kwenye vipokezi vya kemikali nyingine iitwayo asetilikolini. Itachukua muda kufika kwenye kabati la hospitali ya wilaya, na bado haijaonekana itaufanyia nini ukimya kwa miaka mingi ya matumizi.

Nilimweleza shangazi habari za sehemu ya mbele ya ubongo kwa lugha niliyoweza, siku moja tukichambua mchele. Hakusema kitu. Kesho yake alianza kumwandikia. Hamwambii tena "ungejishughulisha". Humpa ndoo mkononi na kusema jaza hii, ikijaa humpa nyingine, na kazi ya kwanza ya asubuhi huianza pamoja naye.

Juzi nilimkuta ameshika karatasi yenye mwandiko wa mama yake, maneno mawili, unga na sabuni. Alitoka, akarudi na vyote viwili na chenji kamili. Jirani alikuwa ameanika kanga kwenye kamba. Alisimama akaisoma hadi neno la mwisho, kisha akaingia ndani kumpa mama yake unga.